Abiria wa Nyuma Kushoto

Saa tatu asubuhi gari la Cliff liliingia gereji ya Jefwa, mjini Malindi, likiwa limechuchumaa upande wa nyuma kushoto. Lilikuwa gari la bei, lisilo na springi za chuma. Hubebwa na mifuko minne ya mpira iliyojaa upepo. Cliff huuzia mahoteli mapambo, na kabla ya adhuhuri alitakiwa kwenye hoteli moja ya Kikambala.

"Mfuko umetoboka," alisema.

Wenye magari ya bei hujipimia ugonjwa kabla ya kumfikia fundi. Jefwa hakubishana. Alitanguliza vigogo chini ya fremu, maana gari la upepo halina adabu, laweza kukulalia. Akaupaka mfuko maji ya sabuni, akapaka mipira ya kupitishia upepo, akapaka valvu. Hakuna povu hata moja. Kompresa ilivuma vizuri. Alipochomeka mashine ya kusoma gari, ilimwambia mfuko ni mzima, ila umeelemewa.

Akafungua mlango wa nyuma. Babake, mzee Sanga, aliyefariki miaka kumi na mmoja iliyopita, alikuwa amekaa kitini, mikono magotini, mkanda ameufunga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekonda."

"Amepanda tangu huko kwenu, hataki kushuka," Cliff alisema, akitazama saa.

Jefwa akazunguka nyuma, akafungua buti. Chini ya blanketi kililala kigango cha babake, mti uliochongwa wa kumkumbuka, mguuni kingali na udongo mwekundu. Mbuzi wa siku ya kukisimika aliletwa na Jefwa mwenyewe. Na kwao hata mtoto anajua kwamba kigango kikishasimikwa hakihamishwi, ukoo ukihama kinaachwa papo hapo, kwa kuwa marehemu hukaa kilipo. Hasira zilimpanda hadi macho yakamwasha.

"Hiki kinarudi nyumbani," alisema. "La sivyo gari halinyanyuki."

Cliff akatoa karatasi. Ilikuwa na sahihi ya Pola, kakake Jefwa, mashahidi wawili na muhuri. "Nimenunua, sikuiba. Nikiita polisi, mwizi ni wewe."

Jefwa aliujua mwandiko wa Pola. Pola ndiye mkubwa, ndiye aliyeachiwa boma, na neno la mdogo haliwezi kulipiku lake. Hata hivyo aliokota spana kubwa, akasimama kati ya Cliff na buti. Cliff akarudi hatua moja, simu mkononi. Kompresa ikajiwasha, ikavuma, ikazima.

"Jefwa," babake aliita kutoka ndani. "Kakako ameshanisemea. Ukimpiga huyu watakufunga, nami nitapelekwa vilevile, tena nimeinama upande. Mgongo unaniuma, mwanangu. Tengeneza."

Jefwa akaingia uvunguni. Alilegeza nati ya kijiti kinacholipimia gari kimo chake, akakizungusha kidogo kidogo, mpaka gari likaupokea uzito wa mzee kama uzito wake lenyewe. Machozi yalimtiririkia masikioni. Upande wa kushoto ukapanda hadi ukalingana na wa kulia.

"Likiinama tena?" Cliff aliuliza.

"Haliinami. Limeshamzoea."

Jefwa akaenda kuufunga mlango. Babake akamshika mkono.

"Huko Kikambala nani atanimwagia tembo la mnazi la tambiko?"

Jefwa akaurudisha mkono wa babake gotini. Akaufunga mlango polepole. Gari likaingia barabara kuu likiwa limenyooka, na aliyeliona likipita asingejua kwamba lilikuwa limebeba mtu.