Vyungu vya Rafu ya Kati

Mhifadhi alisema anapitia kazini mara moja tu, na kwao hiyo "mara moja" yake ilikuwa kichekesho cha nyumba nzima. Mchana ule binti yake wa pekee alikuwa anapanda ndege kwenda kusoma ng'ambo, asirudi kwa miaka. Lakini mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na mama mtu hakutulia mpaka akasome kipimo cha unyevu kule stoo ya makumbusho, chini kabisa ya jengo.

"Mama, leo tu si uwaache hao wazee wako wa udongo!" binti alimwambia kwenye simu.

"Tangulia na baba yako. Nawakuta hukohuko, sichelewi."

Alikuwa amevaa gauni lake zuri la maua. Kamba ya funguo aliyozoea kuivaa shingoni ilikuwa chafu, basi akaivua, akaiweka pamoja na simu kwenye meza ya nje, akaingia kwenye kizimba cha vyungu. Mlango wa waya ukajirudisha nyuma yake na kujifunga. Mlango huo haufunguki bila ufunguo, hata uwe ndani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuagiza uwe hivyo, kwa woga wake wa wezi.

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mlinzi alikuwa juu, getini, na redio yake.

Kizimba kilikuwa na waya pande tatu. Upande wa nne rafu yenyewe ndiyo ukuta, wazi mbele na nyuma, imejaa maboksi ya vyungu. Yalikuwa marefu kuliko upana wa kichochoro alichosimama, kwa hiyo huingizwa na kutolewa kwa upande wa nje tu. Ili atoke, ilimbidi ayasukume ya rafu ya kati yaangukie kwenye sakafu ya zege, kisha apenye mwenyewe.

Na maboksi yale aliyatengeneza kwa mikono yake. Alivikagua vyungu kimoja kimoja, akavitoa kwenye magazeti yaliyooza, akakata sponji kufuata tumbo la kila kimoja. Mkono ukagusa boksi la kwanza. Hapana, hiki kina ufa shingoni. La pili? Hiki hakina mwenzake duniani. La tatu lilikuwa na chungu cha hivihivi tu, lakini alikumbuka alama za vidole vya mfinyanzi pale ukingoni, na moyo ukagoma.

Simu ikaita. Aliiona kupitia mwanya wa maboksi, ikiwaka na kutetemeka mezani. Ikakata, ikaita tena.

"Nakuja, mwanangu! Nakuja!" aliipigia simu kelele, utadhani ina masikio.

Jasho lililowesha gauni. Akajichukia, akavichukia vyungu, akamchukia na fundi wa mlango ambaye hakumkosea lolote. Bado hakusukuma.

Simu iliponyamaza moja kwa moja, ndipo uvumilivu ukamwisha. Akafumba macho, akasukuma kwa nguvu zote. Boksi likaenda chini kwa kishindo. Akasukuma lingine, na lingine, huku analia kwa sauti, kisha akajipenyeza. Gauni likanasa, likachanika, naye akaangukia magoti upande wa pili.

Kulikuwa na ujumbe mmoja. "Mama, nimeshapita ukaguzi, nazima simu. Nilimwambia baba tusikungoje. Usijali, nimezoea."

Aliusoma mara nyingi. Halafu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akayavuta maboksi na kuyafungua. Chungu cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Vyote vilikuwa vizima, sponji imevishika barabara, kazi safi kabisa. Angeweza kuvisukuma tangu simu ilipoita mara ya kwanza.

Akakaa sakafuni katikati ya vyungu. Alitamani angalau kimoja kingevunjika, apate la kumwambia mwanawe.