Nabii wa Mama Spesioza

Mwalimu Levina aliingia kipindi cha mwisho, cha Kiingereza, miguu ikimuuma, koo limemkauka kwa vumbi la chaki. Akaandika ubaoni: *prey on*.

"Madam, kwani *prey* si windo?" aliuliza Ange, msichana wa Ulyankulu asiyeona haya kuuliza.

"Ndiyo, ni mnyama anayewindwa. Ukiongeza *on*, neno linakuwa kitenzi. Chui huwinda mbuzi akawala. Tapeli huwaandama wajane akawanyonya. Hata jambo zito hukutafuna moyoni, usingizi usije."

Wanafunzi wakanakili. Levina akaegemea meza. Mfano ule wa wajane hakuwa ameupanga, ulimponyoka.

Mama yake, Spesioza, alikuwa mjane wa mkulima wa tumbaku, na Levina aliishi naye pale Urambo. Tangu masika, mtu mmoja aitwaye Octavian, aliyejiita nabii, alikuwa akija kumwombea. Aliondoka na kuku, kisha na baiskeli ya marehemu. Levina alikuwa amegomba hadi akachoka.

Jioni hiyo Levina alimkuta Octavian uani akimfungua mbuzi, mama yake amesimama kando.

"Shikamoo, mama. Huyu mbuzi anapelekwa wapi?"

"Marahaba," Spesioza alijibu.

"Ni sadaka," Octavian akadakia. "Roho ya marehemu haijatulia."

Levina hakupiga kelele. Nguvu za kelele hakuwa nazo. Aliishika kamba. "Baba alizikwa na paroko, ametulia. Asiyetulia ni wewe. Ondoka kabla sijaita majirani."

Octavian alimtazama Spesioza, akingoja kutetewa. Mama wa watu aliinamisha macho. Basi Octavian akaiachia kamba, akaenda zake.

"Mama, huoni kwamba yule anakumaliza?"

"Naona, mwanangu. Mimi si mtoto. Lakini ndiye anayekuja akaketi, tukazungumza. Wewe unarudi umechoka, unakula, unalala."

 Levina alimfunga tena mbuzi, akalitua begi la madaftari bila kulifungua, akavuta kigoda hadi kwenye ungo wa mahindi ambayo mama yake alikuwa akiyapukuchua. Wakapukuchua pamoja. Kisha Spesioza akaanza kusimulia habari za jirani aliyejifungua mapacha, naye Levina, kope zikimlemea, akamsikiliza hadi mwisho.