Wifi Alipoizima Wifi

Wifi yangu ni fundi wa kompyuta, na tangu kaka yangu amwoe sikuchoka kumtania kwamba nyumba yetu ndiyo pekee yenye wifi inayopika. Kaka alipofariki, utani huo ukaniishia mdomoni.

Alituachia sauti yake. Alikuwa mvivu wa kuandika, kila jambo alilirekodi, hata salamu. Sauti zote zilikuwa zimehifadhiwa na kampuni moja kubwa ya ng'ambo, na siku moja kampuni hiyo ikatangaza kwamba akaunti isiyotumika itafutwa. Mama akashika tama. Mwanawe afe mara ya pili, tena kwa kubonyezwa kitufe?

Wifi hakumbembeleza mtu. Neno la siri la mumewe alikuwa nalo, basi akaanza kuzihamisha sauti zile kwenye kisanduku alichokiunda mwenyewe kwa vipuri vya kompyuta chakavu. Akakiweka sebuleni, kando ya cherehani yangu. Mdomo wangu hauna breki; nikamuuliza atashindanaje na watu wenye majumba ya mitambo, kwa kitu kinachoenea kwenye kopo la biskuti. Akanijibu, mimi mshonaji, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mama akajifanya hajasikia.

Alipomaliza alituita sote wawili. Akachomoa waya wa mtandao ukutani, akazima na simu zetu.

"Sasa hatuna wifi," nikasema, kwa mazoea tu.

"Unaye," akanijibu, akabonyeza.

"Dada," sauti ya kaka ikasema palepale sebuleni, na kikohozi chake, "usisahau vifungo vya shati langu. Na mwambie Mama nakuja kula."

Niliogopa, nikafurahi, nikaogopa tena. Sijawahi kuona kitu kidogo hivyo kikimbeba mtu mzima. Na hatukuwa tumemwomba ruhusa mtu yeyote ng'ambo. Kaka alikuwa nyumbani kwao. Nilimtazama wifi yangu kama ninayemwona kwa mara ya kwanza, na utani wote ukanikaukia.

Mama aliinuka taratibu, akaenda jikoni, tukasikia sufuria ikifunuliwa. Tulikuwa watatu nyumbani. Akarudi na sahani nne.