Ua la Krismasi la Mama Rogath

Dorothea alipokwenda kufanyiwa upasuaji wa goti, alimwachia Mwanne, jirani yake muuza vitenge hapo Bagara, ua la Krismasi alilopanda marehemu mumewe kwenye chungu. Kwa mapenzi, Mwanne akalimwagilia asubuhi na jioni. Wiki haikuisha, majani mekundu yakaanza kupukutika. Akampigia Dorothea simu.

"Mama Rogath, nisamehe. Ua lako linakufa."

"Udongo umelowa?"

"Chepechepe."

"Basi lisogeze dirishani. Usilimwagilie mpaka uguse udongo ukute umekauka."

Mwanne akafanya hivyo. Siku moja kabla ya Krismasi Dorothea alirudi kwa magongo, akalikuta bado lina majani matatu mekundu. Akayagusa taratibu, machozi yakimlengalenga.

"Likae hapa kwako," alisema. "Nitakuwa ninakuja kulitazama."

Mwanne akamvutia kiti karibu na dirisha, akaenda kubandika chai.