Feni ya Fundi Redio

Kwa mara ya tatu tangu asubuhi fundi redio alisimama mbele ya rafu ileile, sikio kalibandika kwenye feni ya kutolea hewa.

"Mzee, hiyo ni feni, si mgonjwa," alisema mwenye duka. "Utaisikiliza moyo mpaka lini?"

"Zima kwanza ile ya darini. Inanichanganya."

Mwenye duka akazima, akabaki kujifuta jasho.

Fundi hakutulia. Nyumbani mkewe alikuwa amefunga begi, kaliweka mlangoni. Karakana ilikuwa chumba cha nyuma, ikitengwa na chumba cha kulala kwa ukuta wa plaiwudi tu, na kila alipochomelea nyaya kwa risasi, moshi ulipenya kwenye nyufa ukamkuta mama wa watu kitandani. Mwezi wa tatu sasa anakohoa. "Kesho nakwenda kwa dada," alisema asubuhi, taratibu, bila kugomba, na huo upole ndio uliomtia mumewe kiwewe. "Moshi ukitoka, nabaki. Usipotoka, nakutakia heri na redio zako."

Feni zilikuwa tele. Tabu ilikuwa sikio. Fundi huyu redio mbovu huifungulia sauti ya chini kabisa, akafumba macho, akafuata mkwaruzo mpaka akajua kibovu kiko wapi. Feni kubwa ilivuta hasa, ila ilinguruma kama mashine ya kusaga. Ile ndogo, yenye kitufe cha kuzungusha cha kupunguzia mwendo, ilinong'ona tu. Akabeba ndogo, akatoka mbio asije akabadili mawazo.

Mchana akatoboa ukuta wa nje, akaifunga, akaiwasha. Kimya kizuri. Akafungulia redio ya mteja.

Redio ikachachatika kama mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji. Akazima feni, kelele zikakata. Akawasha, zikarudi. Kile kitufe! Miaka thelathini anawakataza watu kuweka redio karibu na vitufe vya namna ile, na leo yeye mwenyewe kaenda dukani na sikio, redio kaiacha nyumbani.

"Unakaanga nini humo?" mkewe aliuliza toka upande wa pili, akakohoa.

"Ujinga wangu."

Akaing'oa, akarudi dukani na redio kwapani.

"Leo umekuja na mwenzio?" mwenye duka akacheka.

"Huyu ndiye mnunuzi. Mimi msindikizaji tu. Washa ile kubwa."

Kubwa ikanguruma, redio isikwaruze hata kidogo. Fundi akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena.

"Si ndiyo uliyosema inakuua masikio?"

"Nipe, kabla sijaghairi. Na waya mrefu, na swichi."

Njiani alijipangia: akichomelea awashe, akisikiliza azime. Lakini alijijua. Angezima asikilize, kisha angesahau, au angejidanganya kwamba tone moja la risasi halina moshi. Basi alipofika akaifunga feni kwenye tundu lilelile, waya akaupitisha kwenye plaiwudi, swichi akaifunga upande wa mkewe, ukutani juu ya mto wa kulalia.

"Ya nini hii?"

"Ukisikia harufu, washa. Usiniulize."

"Na ukiwa unasikiliza?"

"Nitangoja."

"Wewe? Wewe ungoje? Chai kupoa tu huwezi!"

Begi lilikuwa palepale mlangoni.

Kesho yake asubuhi alichomelea waya mmoja, akainamia redio, akafumba macho. Mkwaruzo ulikuwa umeanza kumwonyesha njia, mara feni ikanguruma. Akasimama. Akakaa. Akashika bisibisi, akaiweka. Nyuma ya plaiwudi kulikuwa na mtu anatembea, alihisi sakafu, lakini sikio lake lote halikumwambia kama zipu ya begi inafungwa au inafunguliwa. Akanyoosha mkono kugonga ukuta, akaurudisha. Aliahidi kungoja.

Feni ikazimwa.

Fundi akafumba macho. Kwanza mlango wa kabati. Halafu viango vya nguo vikigongana, kimoja, cha pili, cha tatu. Redio iliendelea kukwaruza mkononi mwake na hakuijali, akasikiliza mpaka cha mwisho.

"Umeshaipata?" mkewe akauliza.

"Bado kidogo."

"Basi fanya haraka, nataka kuwasha."