Miezi Saba ya Longino

Longino Rwegasira alifariki kwa homa ya matumbo Machi 1974, akiwa amebakiza miezi saba kutimiza miaka mitano ya kazi iliyotakiwa ili asajiliwe kuwa mhasibu. Walimzika Ijumaa. Jumatatu asubuhi mkewe, Adventina, alimkuta barazani kwao, mtaa wa Kirumba, akifunga kamba za viatu.

"Nitachelewa kazini," alisema.

Adventina akampigia pasi shati. Katika ofisi ya chama cha ushirika, mkuu wa Longino, mzee Ndalahwa, alimwonyesha meza yake. Ilikuwa bado haijapewa mtu.

Longino hakula tena, na shati lilinuka udongo hata likifuliwa. Jioni alikaa na mkewe mpaka giza liingie, kisha akaondoka. Adventina hakumuuliza anakolala.

"Ukishasajiliwa itakuwaje?" aliuliza siku moja.

"Nitapumzika."

Adventina hakutaka apumzike. Aliona aibu kwa hilo, hata kuungama hakuungama.

Oktoba miezi ikatimia. Mzee Ndalahwa akasaini fomu, akagonga muhuri. Majibu ya bodi ya wahasibu yalifika Desemba, na Adventina aliyasoma amesimama pale pale posta. Masharti yalikuwa yamebadilika. Kidato cha nne hakikutosha tena, kilitakiwa cha sita, na miaka ya kazi ingehesabiwa upya baada ya mtihani. Kifo hakikutajwa.

Njiani aliamua kumdanganya. Angemwambia amekubaliwa, mwenzake akalale. Lakini Longino alinyoosha mkono, akaisoma barua mwenyewe mara mbili, kidole chini ya kila mstari.

"Wangesema mapema," alisema.

Mabega yakamshuka. Hapo ndipo Adventina alipoona, kwa mara ya kwanza, kwamba mume wake amekufa kweli.

"Acha, baba Kemilembe. Inatosha."

"Nikiacha sasa, miaka yote ile nilikuwa nafanya nini?"

Januari akajiandikisha madarasa ya jioni. Mwalimu aliita jina lake, naye akaitika. Alifaulu mwaka 1977, akaanza kuhesabu miaka upya. Ulipobaki mmoja, ikatakiwa stashahada ya chuo. Akaomba chuo. Mzee Ndalahwa alistaafu, binti yao Kemilembe akaolewa Usagara, na Adventina akaota mvi na kuanza kuvaa miwani. Longino alibaki na miaka yake thelathini na moja.

Mwaka 1984 tarishi mgeni alibisha hodi na bahasha ya kahawia.

"Shikamoo, mama. Mdogo wako Rwegasira yupo?"

Adventina aliitazama bahasha. Ilikuwa nyembamba, ya karatasi moja tu, kama ile barua ya kwanza.

"Marahaba," alisema, akaipokea. "Yuko kazini."