Kaske ya Anaclet

Ilikuwa siku ya kazi mbili, ndiyo Jumanne, tarehe ishirini ya mwezi wa tano, mwaka wa 1975, sikukuu ya Chama, saa tisa ya mchana. Mama Adolphine, jirani, aliingia katika nyumba ya Anaclet kurudisha sahani, na akakuta mambo mawili kwa mara moja. Nyuma ya pazia, katika chumba cha kulala, Régine alikuwa amekwisha kukata roho, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda. Na katika chumba cha mbele, hatua sita tu kutoka hapo, bwana wake alikuwa ameketi, mgongo umeelekea pazia, macho amefunga, kaske ya kusikilizia muziki imemziba masikio yote mawili, mguu wake ukipiga rumba polepole juu ya simenti.

Adolphine alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaamka. Anaclet hakugeuka. Ilibidi amnyang'anye ile kaske kichwani kwa nguvu.

Habari hiyo ndiyo iliyotembea camp nzima ya wafanyakazi kabla maiti haijaoshwa. Jua halijashuka ilikuwa imefika mitaa ya Bel-Air na Makomeno. Si habari ya ambulance. Hakuna aliyeuliza ambulance. Asubuhi hiyo Anaclet alikwenda kwa miguu mpaka kwenye lopitalo ya kampani, akasema mke wake anahema vibaya, wakamjibu kwamba gari imepelekwa kubeba wanawake wa kucheza mbele ya wakubwa, itarudi kisha défilé, yale maandamano ya sikukuu, akangoje nyumbani. Akarudi, akangoja. Régine akasinzia. Anaclet alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu anatafuta mahali pa kuficha kichwa. Akaficha chake ndani ya kaske. Wakubwa walipata dansi yao. Yeye alipata maiti.

Sasa kaske yenyewe. Aliinunua mwaka uliopita kwa Mgiriki mmoja wa Makomeno, aliyenyang'anywa duka lake na serikali, likapewa mtu asiyejua hata kufungua mlango wake. Mgiriki alikuwa anauza kila kitu upesi upesi. Anaclet alikuwa ametoka kupokea zawadi ya miaka ishirini na tano ya kazi, na Régine alikuwa ameota mashini ya kushona. Kaske ilikula zawadi yote, mpaka makuta ya mwisho.

— Hii njo Singer yangu? Régine aliuliza, akiigeuza mikononi. Itashona nini? Kofia ya masikio?

Alikasirika wiki mbili, kisha akaanza kucheka. Alikuwa mtu wa kucheka. Akitaka kumwita alimrushia kandambili, na mara nyingi ilimpata begani.

Marafiki walikuja kuitazama kama vile wanavyokuja kutazama mtoto mchanga. Asani, fundi cherehani, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, aliyekuwa amecheza naye mpira tangu utoto, aliivaa, akaivua, akatikisa kichwa.

— Ba Anaclet, unafanana na pilote mwenye hana avion. Na muziki ya muntu moja ni namna gani? Ni sawa kula bukari chini ya kitanda!

— Asani, haunielewe. Mu hii kaske gitaa ya kushoto iko inaongea na ya kuume. Inje hapa minasikia ngoma tu.

Aliposema hivyo watu walicheka, wakafikiri ni majivuno ya mwenye kitu kipya. Hakuna aliyekamata neno lenyewe. Miaka ishirini na tano Anaclet alisimama kando ya mashini ya kusaga mawe ya shaba. Zamani wasimamizi wazungu walikuwa na vifuniko vya masikio, wao peke yao. Wakubwa wetu walipochukua ofisi zao, walichukua na vifuniko, wakaviweka ofisini, mahali pasipo kelele. Masikio ya Anaclet yalikuwa yanakufa kidogo kidogo, na yeye aliona haya kulisema. Akiitwa asisikie, alijifanya anafikiri; maneno ya aliye mbele yake aliyasoma kwenye kinywa. Ndani ya kaske tu alikuwa bado mtu mzima.

Kwenye matanga, siku ya tatu, desturi ikafika. Kwetu mwenye kufiwa na mke anasimama mbele ya ndugu za marehemu na kueleza ugonjwa wote, tangu kichwa kilipoanza kuuma mpaka pumzi ya mwisho, bila kuruka kitu. Ndugu za Régine walikuwa wametoka Pweto juu ya lori ya samaki wakavu, na mkubwa wao alikuwa Nkandu, kaka yake, mfanya biashara ya samaki, mtu wa sauti ya chini. Shangazi Simone, wa ukoo wa Régine, alikuwa ameweka kaske juu ya meza katikati ya watu, kama kisu kilichookotwa kando ya maiti. Mpwa mmoja wa Anaclet aliigusa kwa kidole, akamgeukia, akasema polepole:

— Nonko, kama hauitaki tena, miye naweza kuikamata.

Anaclet alieleza. Homa, kifua, ambulance. Alipofika saa ya mwisho akairuka, akaenda moja kwa moja kwenye mazishi.

— Na saa ile, Nkandu akauliza, weye ulikuwa wapi, shemeji?

— Mu nyumba.

— Wapi mu nyumba?

— Ku kiti. Na kaske.

Akina mama walipiga mayowe mapya kama vile Régine amekufa mara ya pili. Nkandu alinyosha mkono, wakanyamaza.

— Dada yangu alikuita, akasema. Muntu hakufe hatua sita toka ku bwana yake bila kumuita. Mutoto hawezi kubakia mu nyumba kama hii. Wivine tutaenda naye Pweto.

Wivine, binti yao, alikuwa na miaka kumi. Siku ile alikuwa kwenye défilé na shule, bendera ya karatasi mkononi. Tangu mazishi hakuwa amemtazama baba yake usoni. Hakuwa na mtoto mwingine, Anaclet. Wawili waliozaliwa mbele yake wamelala makaburini. Ukimchukua huyo, unaacha kiti na kuta.

— Hata bila kaske nisingesikia! akalia. Masikio yangu imekufa! Ni mashini!

Watu waliguna. Sasa hivi masikio yamekufa? Mtu aliyenunua kaske ya bei ya Singer?

— Basi leta karatasi ya munganga, Nkandu akasema. Lori inatoka siku ya yenga, Jumapili, kisha misa.

Akaenda kwa munganga wa kampani. Munganga, kijana mwenye koti ya abacost iliyopigwa pasi vizuri, alisimama nyuma yake, akapiga makofi, akasema maneno, akatikisa funguo. Kisha akaja mbele.

— Citoyen, masikio yako imeisha. Ni concasseur, ile mashini ya mawe. Niliona bengine kama weye, bengi.

— Asante, docteur. Uniandikie vile.

— Kuandika? Munganga akacheka kidogo, bila furaha. Nikiandika mashini, kampani italipa weye na bale bengine bote. Na kesho njo miye batafukuza. Nimekuambia na kinywa. Enda na vile.

— Kinywa yako docteur, nitaibeba na nini mpaka ku shemeji yangu?

Munganga alikwisha kuita mgonjwa mwingine.

Siku ya yenga lori ilisimama mbele ya nyumba, mashini yake imezimwa, nguo za Wivine tayari ndani ya fuko juu ya magunia matupu. Anaclet alitoka na mikono mitupu. Alipiga magoti mbele ya shemeji yake, kitu ambacho mwanaume wa miaka hamsini hafanyi, na watu waligeuza macho.

Nkandu hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililofanya jambo kuwa gumu. Akasema watamjaribu, mbele ya wote. Anaclet ataketi katika kiti kile kile, mgongo kwa pazia, bila kaske. Wivine ataingia chumbani peke yake, ataita mara moja, kwa sauti ile ndogo mama yake aliyokuwa nayo katika siku za mwisho. Baba akisikia, basi ni kaske iliyoua, na mtoto atapanda lori. Asiposikia, kosa ni la mashini, na mtoto atabaki.

— Na usijifanye, akaongeza. Niko naangalia macho yako.

Mtoto aliingia. Pazia likaanguka nyuma yake. Anaclet aliketi, viganja juu ya magoti. Watu walijipanga ukutani, Adolphine, Asani, Simone, wote wamezuia pumzi. Alisikia uvumi ule wa kila siku ndani ya kichwa chake, kama maji yanayochemka mbali. Alingoja. Akawaza Régine, kama alikuwa ameita jina lake, ao aliita tu bure, ao hakuwa na nguvu. Alingoja bado. Jasho lilishuka mpaka kidevuni. Hakuna kitu kilichokuja.

Nkandu alikuwa hajamwondolea macho. Macho ya Anaclet hayakutikisika hata kidogo.

— Nani alisikia? Nkandu akauliza.

— Miye nilisikia, Adolphine akasema. Kitu kidogo. Kama "papa".

— Ile ilikuwa kuku pale inje, Simone akakata. Mutoto hakufungua kinywa. Kama hakumuita, baba yake alikosa kusikia nini?

— Ilikuwa mutoto! Asani akasema.

— Weye ni rafiki yake, nyamaza!

Wakaanza kubishana wote kwa pamoja, na Anaclet aliona vinywa vikifunguka na kufungika bila kujua nani anamtetea na nani anamzika. Alimfuata Nkandu kwa macho. Nkandu alikwenda mpaka kwenye pazia na kulivuta. Wivine alikuwa amesimama kando ya kitanda, amekamata mbao yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa anamtazama baba yake.

Nkandu aliinama, akaweka mkono juu ya bega la mtoto, akasema polepole, kwa kinywa kilichofunguka vizuri ili hata Anaclet asome:

— Wivine, mutoto ya dada yangu, sema mbele ya bantu bote: uliita baba yako, ao haukumuita?